Aibu ya Gari Kuukuu: Nani Analazimika Kuisema?

Neno aibu, ambalo sisi tunalitumia kwa maana ya fedheha, asili yake ni Kiarabu, na katika vitabu vya fiqhi lina kazi nyingine kabisa. Huko aibu ni kasoro ya bidhaa, ile inayoshusha bei yake mbele ya wafanyabiashara wanaoijua bidhaa hiyo. Mnunuzi akiigundua baadaye, na ikathibiti kwamba ilikuwapo kabla hajakabidhiwa, ana hiari ya kurudisha. Wengi wetu tumeusoma mlango huu kwa mifano ya ngamia, nguo na tende, tukafaulu mtihani, tukaufunga. Mimi nataka tuujaribu juu ya Toyota Premio. Ndilo gari linalouzwa kwetu, na swali lake limefika mpaka nyumbani.

Kwetu ni Bwera. Aliyewahi kusafiri kutoka Kasese hadi mpakani Mpondwe anajua kwamba barabara ile inaishi kwa sedani za Kijapani: Corona, Carina, Premio, Corolla, na Subaru mojamoja. Zinaondoka Kasese zimejaa, zinapita Muhokya, zinakunja Kikorongo karibu na mstari wa ikweta, kisha zinakata tambarare lenye joto kali kuelekea Kinyamaseke na Bwera. Mbele watu wawili juu ya kiti kimoja, nyuma wanne, na buti halifungi. Japani gari hilohilo lilimbeba mtu mmoja na mkoba wake kwenye lami laini, na serikali ililidai ukaguzi lilipotimiza miaka 3, halafu kila baada ya miaka 2. Kwetu mkaguzi ni sikio la dereva.

Sifa ya magari haya si uzushi. Yanavumilia, vipuri vinapatikana hata katika miji midogo, na fundi aliyejifunza chini ya mwembe anaweza kuifungua injini na kuifunga. Lakini sifa ni ya jina, na anayenunua hanunui jina, ananunua gari moja lenye historia yake. Injini ya 1ZZ iliyofungwa katika Premio nyingi za 1.8 za miaka ya mwanzo ya 2000 inajulikana kwa ugonjwa wa kula oili: ringi za pistoni zinaziba kwa masizi, oili inapanda na kuungua, na asubuhi moshi wa buluu unatoka nyuma. Subaru zenye injini ya 2.5 zinajulikana kwa kuvuja gasketi ya silinda hedi. Corona na Carina za zamani zina mkanda wa taimingi ambao kwa kawaida hubadilishwa kila kilomita 100,000, na mwenye gari lililorudishwa kilomita nyuma hawezi kujua zamu ya kuubadilisha imefika lini. Rejeta iliyoziba kwa kutu huenda isimsumbue mtu wa mjini kwa mwaka mzima. Ipeleke tambarare la Kikorongo saa nane mchana na abiria sita, utaiona injini inavyochemka.

Sasa katika yote hayo, aibu ni ipi? Gari lina miaka 20 na ushee. Muuzaji akiambiwa ataje kila kilichochakaa ataanza baada ya Adhuhuri na Alasiri itamkuta bado anataja. Hapa ndipo wengine hujificha, husema gari kuukuu lote ni aibu, basi hakuna haja ya kutaja hata moja. Hoja hiyo ni ya hila. Fiqhi haikutuambia tuorodheshe uchakavu, imetupeleka kwenye desturi ya watu wa soko. Kiti kilichochanika mnunuzi anakiona, na akinunua ameridhia. Shokamzoba zilizolegea kila mtu wa Kasese anazitarajia katika gari la umri huo, na bei imeshazihesabu. Lakini injini inayomaliza lita moja ya oili kila wiki haionekani kwa macho wala haimo katika bei, na dereva yeyote akiijua atapunguza pesa palepale. Hiyo ndiyo aibu. Kwa hiyo mwanafunzi wa fiqhi anayetaka kutoa jibu katika mlango huu lazima kwanza akae na makanika, kwa kuwa masheikh wetu wa zamani waliwajua ngamia vizuri kuliko sisi tunavyozijua injini.

Mjomba wangu ana Premio ya mwaka 2003 yenye ugonjwa huo wa oili. Limemlisha yeye na watoto wake, na limelipa sehemu ya ada yangu. Sasa anataka kuliuza. Fundi wake amempa ushauri ambao pale stendi kila mtu anaujua: mwaga oili iliyomo, tia nzito ya 20W-50 pamoja na dawa ya kuzuia moshi, na siku ya mnunuzi liwashe alfajiri, injini iwe ya moto kabla hajafika, maana moshi mwingi hutoka injini ikiwa baridi. Baada ya swala ya Ijumaa mjomba aliniuliza, nusu kwa mzaha, "Haya ustadhi, katika vitabu vyenu kuwasha gari mapema nako ni haramu?"

Kuwasha gari si haramu. Wala kutomkama mbuzi siku mbili si haramu. Lakini Bukhari na Muslim wamepokea kwamba Mtume (S.A.W.) alikataza kumfunga ngamia au mbuzi wa kuuzwa asikamwe, ili mnunuzi akute kiwele kimejaa na adhani ndiyo kawaida yake. Aliyenunua hivyo alipewa hiari ya kubaki naye au kumrudisha pamoja na pishi ya tende, na katika baadhi ya riwaya muda uliotajwa ni siku 3. Wahanafi wana maneno yao juu ya hukumu ya pishi, lakini udanganyifu wenyewe hakuna aliyeuhalalisha. Ukiitazama kesi hiyo vizuri utaona kwamba hakuna aliyesema uongo. Maziwa ni maziwa kweli, kiwele ni chake mnyama. Kilichosema uongo ni mpangilio wa saa. Injini iliyopashwa moto alfajiri na kiwele kilichofungwa sioni tofauti yao ila aina ya mnyama.

Mjomba si mtu wa kushindwa kwa hadithi moja. Akasema hatapasha moto chochote, ila atauza "kama lilivyo", na mnunuzi aje na fundi wake. Hili ndilo jibu linalotumika zaidi, kwenye bondi za Kampala na chini ya miti ya Bwera vilevile, na linastahili kuangaliwa kwa makini kwa sababu wanavyuoni waliliangalia. Wahanafi wanaliruhusu sharti la kujitoa katika aibu zote. Katika madhehebu yetu ya Shafii kauli yenye nguvu ni nyembamba zaidi: sharti hilo linamwokoa muuzaji katika aibu ya ndani ya mnyama, tena ile ambayo yeye mwenyewe hakuijua. Sababu yake ni kwamba mnyama anakula akiwa mzima na akiwa mgonjwa, hali yake inabadilika, na ni nadra kukosa kasoro iliyofichika. Mimi naona gari la miaka 20 linafanana na mnyama kuliko linavyofanana na kitambaa. Hata mwenyewe hajui yote yaliyomo ndani ya giaboksi, na si haki kumbebesha asiyoyajua. Lakini neno "asiyoyajua" ndilo linalobeba hukumu yote. Mjomba anaijua lita yake ya kila wiki. Anainunua mwenyewe.

Imam Malik amepokea katika Muwatta kesi ambayo Mashafii pia wanaitegemea. Abdullah bin Umar (R.A.) aliuza mtumwa kwa dirhamu 800 kwa sharti la kujitoa katika aibu. Mnunuzi akalalamika kwamba mtumwa ana ugonjwa ambao hakuambiwa, wakaenda mbele ya Sayyidna Uthman (R.A.). Uthman hakuliuliza sharti. Alimtaka Ibn Umar aape kwamba alipouza hakujua ugonjwa wowote. Ibn Umar akakataa kuapa, akamchukua tena. Mwisho wa habari mtumwa alipona na akauzwa kwa dirhamu 1,500, lakini walimu wetu wakikazania faida hiyo naona wanapunguza uzito wa kisa. Siku alipokataa kuapa hakujua kama kuna 1,500 mbele. Alichojua ni hasara ya 800.

Tuache ya mjomba kidogo. Kuna karatasi ambayo kila mnunuzi wa gari la Japani angepaswa kuiona na karibu hakuna anayeiona. Mengi ya magari haya kabla ya kupanda meli hupita mnadani, na huko mkaguzi huandika yote: daraja kwa namba kama 4 au 3.5, herufi R ikiwa gari liligongwa likatengenezwa, kilomita zilizosomwa, na mchoro wa bodi wenye A penye mkwaruzo na U palipobonyea. Mkaguzi huyo hamjui atakayelinunua, na yamkini hajawahi kusikia hadithi yoyote. Ameandika mpaka mkwaruzo wa kucha. Kisha gari linafika Mombasa, linapanda hadi Kampala, linauzwa mara ya kwanza, ya pili, ya tatu, na mahali fulani njiani karatasi inapotea na mara nyingine kilomita zinapungua. Mwaka 2018 Uganda ilizuia kuingiza magari yaliyotimiza miaka 15, lakini yaliyokwisha ingia bado yanabadilisha mikono, na kila mkono mpya unajua kidogo kuliko uliotangulia. Waliopunguza ujuzi huo ni sisi, na wengi wetu tunaswali.

Je, fundi anayelijua gari naye analazimika kusema, ikiwa si mwenye mali wala hakuulizwa? Kisa cha Wathila bin al-Asqaa (R.A.) ni chake yeye. Alimwona mtu akiondoka na ngamia aliyemnunua, akamfuata na kumuuliza kama anamtaka kwa nyama au kwa safari. Alipojibiwa kwa safari, akamwambia kwato yake imetoboka. Muuzaji alikasirika kwamba biashara yake imeharibiwa, na Wathila akamjibu kwa yale aliyoyasikia kwa Mtume (S.A.W.): asiye mwenye mali naye, akiijua aibu, haifai kunyamaza. Kinachonivutia ni lile swali lake la kwanza. Kwa mtu wa nyama kwato si aibu. Premio ya kwenda sokoni Bwera na kurudi inaweza kula oili kidogo na mwenyewe akaishi nayo. Anayevuka Lhubiriha kuipeleka njia ya Kasindi hadi Beni, na usukani wake wa kulia kwenye nchi inayoendesha upande wa kulia, anaweza kujikuta njiani na injini iliyokauka, mbali na fundi na mbali na muuzaji. Hiari ya kurudisha aliyopewa na sheria ataidai wapi?

Watasema mkweli atafilisika. Mwaka 1970 mwanauchumi wa Marekani, George Akerlof, aliandika juu ya soko la magari yaliyotumika na akaonyesha kwamba wanunuzi wasipoweza kutofautisha zuri na bovu, wanalipa bei ya wastani, wenye magari mazuri wanayaondoa, na soko linabaki na mabovu. Katika hadithi ya Hakim bin Hizam (R.A.) imekuja kwamba wawili wakificha, baraka ya biashara yao hufutwa. Sidhani Akerlof alikuwa akitafsiri hadithi, lakini mtu yeyote aliyenunua gari Kasese anajua bei ya kutoaminiana: dalali wa kumlipa, fundi wa kumleta, na hofu ya mwezi wa kwanza.

Hayo hayampunguzii mjomba hasara yake. Tulipiga hesabu pamoja. Akiutaja ugonjwa, bei inashuka kama milioni 2, ambazo zinakaribia ada yangu ya mwaka. Akazikunja zile karatasi akaniuliza, "Na nikisema, wewe utasoma kwa nini?" Nikamwambia aandike kwa mkono wake, lita moja kila wiki, ringi zimechoka, karatasi hiyo aiweke ndani ya kadi ya gari ili asomwe mnunuzi wa kwanza na wa baada yake, na ya ada tutaongea na ofisi ya chuo. Mnunuzi kutoka Kasindi anakuja Jumamosi. Karatasi ameiandika. Oili nzito bado imo ndani ya buti, kopo halijafunguliwa.