Akiba ya Chakula Nyumbani: Tawakali au Uchoyo?

Wako katika ndugu zetu wasemao kwamba mwenye imani haweki chakula cha miezi nyumbani kwake, kwani riziki iko kwa Mwenyezi Mungu, na kesho ina Mola wake. Na wako wengine ambao, wasikiapo uvumi wa shida, hukimbilia madukani wakanunua kwa magunia, kisha wakasema kuwa wanafuata mwendo wa Nabii Yusuf. Makundi haya mawili yaonekana kuwa mbalimbali, walakini sisi twaona yote mawili yamesahau jambo moja, nalo ni wakati.

Tuanze na hao wa kwanza. Tawakali ni kumtegemea Mungu baada ya kufanya lililo juu yetu, si kukaa kitako tukangoja. Ndege hupata riziki yake, lakini huipata kwa kuruka kutoka kiotani asubuhi. Na imethibiti katika Hadithi sahihi kwamba Mtume, rehema na amani zimshukie, akiwawekea watu wa nyumbani kwake chakula cha mwaka mzima. Basi ni nani awezaye kudai kuwa na tawakali kubwa kuliko yake?

Ama hao wa pili, twawauliza: Nabii Yusuf aliweka akiba lini? Aliiweka katika miaka 7 ya neema, kabla ya miaka 7 ya dhiki. Hakungoja njaa ibishe hodi ndipo akaingia sokoni kushindana na maskini. Tena aliamuru nafaka iachwe katika masuke yake, isipokuwa kile kidogo cha kuliwa. Na akiba ile haikuwa ya kufungiwa. Ilipofika dhiki ilifunguliwa, hata ndugu zake waliomtupa kisimani wakaja wakapimiwa.

Wakati ndio unaobadili hukumu. Mwaka mmoja watu wa majangwani waliingia Madina kwa Idi hali wana njaa, Mtume akakataza nyama ya kuchinja isiwekwe zaidi ya siku 3. Mwaka uliofuata akaruhusu: kuleni, lisheni wengine, na wekeni akiba. Nyama ni ile ile na nyumba ni zile zile. Kilichobadilika ni haja ya jirani. Na katika madhehebu yetu ya Shafi, Imamu Nawawi ameeleza vivyo hivyo katika sherehe yake ya Sahihi Muslim: wakati wa wasaa mtu ana ruhusa ya kununua sokoni chakula cha mwaka na zaidi kwa ajili ya watu wake, ama wakati wa uhaba haifai, ila anunue kiasi kisichowadhiki wenziwe, kama cha siku chache au cha mwezi.

Tumekwisha kuyaona haya kwa macho yetu. Tarehe 13 Machi 2020 ilipotangazwa habari ya mgonjwa wa kwanza wa Korona katika Kenya, watu wenye fedha walikimbilia madukani. Tarehe 8 Aprili njia za kuingia na kutoka Mombasa, Kilifi na Kwale zikafungwa, na mwezi wa Mei Mji wa Kale wenyewe ukafungwa. Mtu aliyenunua mifuko 20 ya unga siku zile hakuiba, kwani alilipa thamani yake. Lakini kibarua apataye ujira wake jioni, alipofika dukani alikuta nini? Lau mtu yule angalinunua mifuko ile kidogo kidogo katika mwaka wa kabla, watoto wake wangalishiba vile vile, wala asingalimnyima mtu.

Huenda asiye na uwezo akasema kuwa maneno haya ni ya matajiri. Hebu tuhesabu. Nyumba ya watu 6, tukikadiria nusu kilo ya nafaka na kunde kwa kila mtu, yahitaji kilo 3 kwa siku. Ikiwa mama wa nyumba ataweka kando kilo 1 tu kila juma, mwaka utakapotimia atakuwa na kilo 52, yaani chakula cha siku 17. Akiweza kilo 2, ana chakula cha zaidi ya mwezi mmoja. Haba na haba hujaza kibaba.

Ni kweli wahenga walisema kuwa akiba haiozi, lakini mchele huingia fukusi, na hewa ya pwani ina unyevu. Basi chakula kitiwe katika debe au pipa lenye kifuniko cha kukaza, kiinuliwe kisiguse sakafu, na kilichoingia kwanza kiliwe kwanza, kipya kikishika mahali pake. Mwenye shamba na auweke mpunga wake na maganda yake, kwani hukaa kuliko mchele. Na haya ndiyo yale yale ya masuke ya Nabii Yusuf. Wala maji yasisahauliwe.

Limebaki swali zito: jirani akibisha hodi hali chungu chake ki tupu, tufanyeje? Yule yule Mtume aliyeweka chakula cha mwaka alifariki hali deraya yake ya chuma imewekwa rehani kwa shayiri. Wanazuoni wamesema sababu yake ni kuwa akiba ile aliitoa kwa wageni na wenye haja kabla mwaka haujaisha. Na Waashari chakula kilipowapungukia walikusanya walicho nacho katika nguo moja, wakagawana kwa kipimo kimoja sawasawa, na Mtume akawasifu sifa kubwa.

Kwa hivyo shauri letu ni hili. Aanzaye kuweka akiba na aanze sasa, maadamu maduka yamejaa, na aliye na uwezo aweke chakula cha nyumba mbili: yake, na ile anayoijua kuwa haiwezi. Akiba ya namna hii ndiyo tawakali. Ama ile iwekwayo kwa kumtangulia maskini dukani, kisha ikafungiwa mlango, huo ni uchoyo, hata ikiwa kila punje imelipiwa.

Mwenyezi Mungu atuwafikie.