Kijana wa Pwani, Shika Demani!

Umezaliwa ukisikia mawimbi. Kila alfajiri unaona ngalawa zikitoka na kila jioni unaziona zikirudi, lakini mkono wako haujawahi kutweka tanga. Unasema hiyo ni kazi ya wavuvi, au ni mchezo wa wenye vilabu na pesa zao. Acha visingizio! Upepo wa kaskazi uliowaleta mabaharia wa Oman na Ghuba mpaka Lamu, Mombasa na Unguja bado unavuma, na hakuna anayeutoza kodi. Kilichobaki ni wewe kuingia chomboni.

Anza na majina, maana baharini amri huja kwa neno moja, na nahodha hana muda wa kukuonyesha kamba kwa kidole. Mbele ya chombo ni omo, nyuma ni tezi, na usukani uko tezini. Mti unaosimama ni mlingoti. Mti mrefu unaobeba tanga ni foromali, nao hupandishwa kwa kamba iitwayo henza. Upande upepo unakotokea ni joshini. Na ile kamba inayozuia pembe ya nyuma ya tanga, hiyo ndiyo demani. Mchana mmoja ufukweni unatosha kuyashika yote hayo.

Mwezi wako wa kwanza, iheshimu demani kuliko kitu kingine. Ukiikaza, tanga hushika upepo na chombo hukimbia. Ukiilegeza, tanga hupepea na nguvu yote huisha. Dhoruba ikikupiga ghafla na ngalawa ikaanza kulala, legeza demani papo hapo! Ndiyo maana anayejifunza haifungi kwa fundo gumu. Huishika mkononi, au huizungusha kwa namna ya kuachia kwa mvuto mmoja. Mtu anayejua kusimamisha chombo hathubutu kwa kubahatisha, huthubutu kwa ujuzi.

Kisha utakutana na mtihani unaowavunja wengi moyo: unakotaka kwenda ndiko upepo unakotokea. Hakuna chombo cha tanga kinachoukabili upepo uso kwa uso, hata kingekuwa cha gharama gani. Basi nenda bisha! Kata mshazari upande mmoja, geuza, kata mshazari upande wa pili, na kila mkato utakusogeza. Geuza mapema, ukiwa na nafasi. Katika jahazi kubwa, kuhamisha foromali kwenda upande wa pili wa mlingoti ni kazi ya watu kadhaa, na mwamba hausubiri wamalize.

Usitoke kabla ya kuyasoma maji na majira. Kusi huvuma kwa nguvu katikati ya mwaka, na kaskazi hushika Desemba hadi Machi. Kati ya pepo hizo mbili, Oktoba na Novemba, bahari hutulia, na huo ni wakati mzuri wa kuanza. Maji hujaa na kupwa mara mbili kwa siku, takriban saa sita kila mwendo. Siku za bamvua, tofauti ya maji kujaa na maji kupwa huko Unguja hukaribia mita 4. Mlango ulioupita asubuhi ukielea, mchana unaweza kuukuta mwamba mtupu. Sikiliza utabiri wa Mamlaka ya Hali ya Hewa. Wakionya upepo mkali, chombo kibaki nchi kavu na wewe ubaki nacho.

Na usalama hauna ubishi. Jifunze kuogelea. Vaa jaketi la kuokolea kabla ya kung'oa nanga, maana likikaa chini ya mizigo halimwokoi mtu. Beba maji ya kunywa, kopo la kufulia maji, kafi, na simu ndani ya mfuko usiopitisha maji. Mwache mtu ufukweni anayejua unakwenda wapi na utarudi saa ngapi. Chombo kikipinduka, king'ang'anie. Pwani huonekana karibu kuliko ilivyo, na ubao unaoelea huonekana kwa mbali kuliko kichwa cha mtu. Mkiwa wengi, mtiini mmoja, kwani nahodha wengi, chombo huenda mrama.

Dada, na wewe unaambiwa! Tanga halimuulizi mtu kama ni mwanamume au mwanamke. Lataka mkono uliofundishwa.

Basi Jumamosi hii teremka ufukweni. Mtafute nahodha mzee anayeheshimika, mwamkie shikamoo, mwombe akufundishe. Akikupa kopo ufue maji, fua. Akikutuma kukunja tanga, kunja. Siku atakapokukabidhi demani, ikamate. Maji usiyoyafika hujui wingi wake. Yafike, na jaketi uwe umelivaa!