TV ya chogo: Faida tumekula, mzigo ni wa nani?

TELEVISHENI za chogo zimezeeka. Katika vibanda vya mafundi wa Kasulu na Kibondo zimerundikwa ukutani, vumbi limezijaa, wenyewe hawarudi kuzichukua na vipuri havipatikani. Wengi wataona hilo ni jambo la mafundi tu. Lakini ndani yake mna swali la kimaadili linalotuhusu sisi Waislamu: kitu ambacho aliyekitengeneza ameshafunga kiwanda, ni mzigo wa nani?

Asili ya TV hizi ni tyubu aliyoibuni Mjerumani Karl Ferdinand Braun mwaka 1897. Ndani ya kioo kisicho na hewa, elektroni hurushwa kutoka nyuma zikagonga kioo cha mbele kilichopakwa unga maalumu, nacho kikang'aa. Chogo ni nafasi ya safari hiyo. Na kwa kuwa mgongano huo huzalisha mionzi, watengenezaji walichanganya madini ya risasi katika kioo cha nyuma, karibu robo ya uzito wake. TV moja inaweza kubeba zaidi ya kilo nzima ya risasi. Naam, kilichomkinga mtazamaji sebuleni ndicho kinachoweza kumdhuru mtoto jalalani, kwa kuwa risasi haiozi, na ikiingia mwilini huharibu ubongo wa mtoto.

Zanzibar ilianza kurusha matangazo ya televisheni mwanzoni mwa miaka ya 1970, Tanzania Bara ikasubiri hadi 1994. Kasulu na Kibondo ziliendelea kutegemea umeme wa mashine za dizeli mpaka gridi ya taifa ilipozifikia mwaka 2022. Kwa hiyo wakati watu wetu wa milimani wanajikusanya kununua TV ya chogo, viwanda vyake vilikuwa vinafungwa. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 dunia ilikuwa ikitengeneza TV hizo zaidi ya milioni 100 kwa mwaka. Mwaka 2006 kampuni kubwa ya tyubu, LG.Philips Displays, ilifilisika. Mwishoni mwa 2007 TV bapa zikazipita kwa mauzo duniani, na mwaka 2008 Sony wakaacha kabisa kuzitengeneza.

Hapa ndipo penye tatizo. Viwanda vilipokuwa hai, kioo cha tyubu kuukuu kiliyeyushwa kikatengenezwa tyubu mpya. Vilipokufa, kioo kikakosa mnunuzi. Mjini Columbus, Marekani, kampuni iliyolipwa kukishughulikia iliyaacha maghala yake mwaka 2016 yakiwa na makumi ya maelfu ya tani. Ikiwa hivyo ndivyo kwa matajiri wenye sheria na mitambo, vipi Kasulu?

Atasema msomaji: si bora nimpe ndugu yangu maskini kijijini, iwe sadaka? Hoja hiyo ina uzito. TV inayofanya kazi, ukamweleza mpokeaji ubovu wake na umeme inaoula, hiyo ni hisani. Lakini iliyokufa, unayoitoa ili tu itoke nyumbani kwako, hiyo si sadaka bali ni kumhamishia mwenzio taka. Aya ya 267 ya Suratul Baqara inatukataza kuchagua vibovu tukavitoa, ilhali sisi wenyewe tusingevipokea ila kwa kufumba macho. Na Mtume (s.a.w.) alipotia mkono katika rundo la nafaka sokoni akakuta chini kumelowa, alimkemea muuzaji kwa kuficha. Sasa nini hukumu ya anayeficha risasi?

Wenye jukumu la kwanza ni watengenezaji na wafanyabiashara walioleta vilivyochoka. Ndiyo maana Afrika iliandika Mkataba wa Bamako mwaka 1991 kuzuia taka za sumu, Uganda ikapiga marufuku TV zilizotumika kupitia Sheria ya Fedha ya 2009, na Tanzania ikatunga kanuni za taka za umeme mwaka 2021. Si haki kumlaumu mkulima wa Kibondo kama tunavyomlaumu mwenye kiwanda.

Hata hivyo, kuwa na hatia ndogo si ruhusa ya kudhuru. Maji ya milima hii huteremkia Malagarasi, na wanaoyanywa hawakutazama TV yetu. Anayepasua tyubu ili achomoe waya wa shaba anapata shilingi chache, na jirani anabakiwa na sumu. Tusiivunje, tuiweke nzima, mahali pakavu, mbali na watoto. Kamati za misikiti zinazoweza kukusanya michango ya ujenzi haziwezi kushindwa kukusanya TV mbovu za mtaa mzima na kuidai halmashauri mahali pa kuzipeleka.

Tuliyoyafaidi tutaulizwa, na haki ya jirani tutaulizwa. Mwenye kiwanda ameondoka. Jirani bado yupo.

Wabillahi tawfiq.