Hadithi ni Mali ya Nani?

Wako vijana wenye kipaji ambao kalamu zao zimekauka kwa hofu. Waogopa kwamba wakimtia kitabuni sungura mjanja, au mpelelezi, au wachumba waliokataliwa na wazee, watashtakiwa kwa wizi. Wako na wengine wasioogopa lolote: huchukua kurasa za mwenzao, wakabadili majina ya watu na ya miji, kisha wakajiita watungaji. Twaona ni wajibu kuwatenga hao wawili.

Na tutazame Masasi, na Newala juu ya uwanda wa Makonde. Wamakua, Wayao na Wamakonde wote humsimulia sungura, wala hakuna kabila lililomshtaki jirani. Mwaka 1906 Mjerumani Karl Weule alifika huko na chombo cha kunasia sauti, akazinasa nyimbo za wenyeji, na mwaka 1908 akatoa kitabu. Kitabu kilikuwa chake. Nyimbo zilibaki za wenyewe. Lakini kila bibi asimuliaye ana namna yake ya kukawiza neno na ya kuchekesha, na wajukuu waijua. Hapo ndipo ilipo mali: si katika sungura, bali katika usimulizi.

Vitabu navyo ni vivyo hivyo. Katika Mzimu wa Watu wa Kale, kilichotolewa mwaka 1960, Muhammed Said Abdulla wa Zanzibar alituletea Bwana Msa, mpelelezi mwenye kiko, na rafiki yake Najum. Aliyemsoma Sherlock Holmes wa Arthur Conan Doyle atamtambua ndugu yake. Je, aliiba? Hasha! Mfano aliupata kwingine. Unguja yake na Kiswahili chake vilitoka katika jasho lake mwenyewe.

Sheria ya Hakimiliki ya Tanzania ya mwaka 1999 yafuata hekima hiyo: wazo tupu halilindwi, hulindwa kazi iliyotungwa. Tena sheria hiyo haikuyasahau masimulizi ya jadi. Basi achotaye kwa wazee wa Newala na awataje.

Hata hivyo, hakimu hawezi kuuona kila ukurasa ulioibwa, dhamiri yauona. Amri ya saba haikuwekwa kwa ajili ya kuku na mashamba tu. Jasho la mtungaji ni mali, na pengine ndiyo mali yake pekee.

Wazazi na walimu, wafundisheni watoto kujiuliza: nikiyaondoa ya mwenzangu, chabaki nini kilicho changu? Aliyebakiwa na kitu aandike bila hofu. Asiyebakiwa na kitu aichane karatasi, aanze upya.