Ngumi Kubwa Kuliko Kichwa

Jalada la toleo la kwanza la kitabu cha katuni cha Captain America, lenye tarehe ya Machi 1941, linamwonyesha shujaa akimtandika Hitler ngumi ya taya. Marekani ilikuwa bado haijaingia vitani. Jack Kirby, mchoraji aliyelibuni jalada hilo pamoja na Joe Simon, alikuwa mtoto wa wahamiaji Wayahudi, mzaliwa wa New York, na katika mitaa ya utoto wake ugomvi wa ngumi ulikuwa jambo la kawaida.

Kila nikilitazama jalada hilo najiuliza: mwendo uko wapi? Karatasi haisogei, na wino ulikauka zamani. Hata hivyo Hitler anaanguka kinyumenyume mbele ya macho yangu.

Kamera humkamata bondia katika nukta moja, na nukta hiyo haijui kilichotangulia wala kinachofuata. Ndiyo maana mabondia wa kwenye picha mara nyingi huonekana wameganda. Mchoraji wa mapigano huchukua kabla na baada akavitia katika mwili mmoja. Mguu wa nyuma bado unaisukuma ardhi, kiuno kimeshageuka, bega limetangulia, na ngumi imeshapita pale ilipogonga. Hakuna binadamu aliyewahi kukaa hivyo. Na bado mwili huo ndio tunaouamini.

Kirby alilifikisha jambo hili mbali zaidi katika katuni ya Fantastic Four, aliyoianza na Stan Lee mwaka 1961 na kuichora kwa matoleo 102 mfululizo. Ngumi inapomjia msomaji, huwa kubwa kuliko kichwa cha mwenye kuipiga. Mkono uliopaswa kuonekana wote unafupishwa hadi kiwiko kinakaribia kumezwa na kiganja, na vidole vinakuwa na pembe kama vya jiwe lililochongwa. Mwalimu wa anatomia angeijaza picha hiyo alama nyekundu, na kwa vipimo angekuwa sahihi. Lakini anayerushiwa ngumi haoni vipimo. Anaona ngumi tu, imeziba dunia nzima. Kirby alichora kile ambacho woga hukiona, na kwangu huo ni ukweli kamili, si pungufu kuliko ule wa rula.

Kabla ya hapo, mwaka 1944, alipelekwa Ufaransa kama askari, na baridi ya huko nusura imkoseshe miguu. Siwezi kuyatenganisha hayo na jinsi watu wake wanavyosimama, miguu imetanuka, imeng'ang'ania ardhi.

Ukurasa uliomchukua mchoraji saa kadhaa, msomaji huupita kwa sekunde chache. Wapo wanaoliona hilo kuwa hasara. Mimi naona kasi hiyo ndiyo aliyoitolea jasho: kila mstari umelazwa ili jicho lisijikwae mpaka kisanduku kinachofuata. Kwa hiyo mimi huusoma mara mbili. Kwanza mbio, kama alivyotaka. Kisha polepole, nikianzia mguu wa nyuma, maana pigo huanzia huko.