Picha Inayoudhi: Je, ni Kosa?



Wako watu wasemao kwamba kazi ya mchoraji ni kupamba ukuta, na akiingiza mambo ya serikali katika rangi zake amekosa. Wako wengine wasemao kwamba mchoraji ana ruhusa ya kuchora lolote, hata likimwudhi nani. Maneno hayo yote mawili hayatoshi. Tuyapime kwa mfano wa mtu wa nchi yetu.

Tshibumba Kanda-Matulu alizaliwa Elisabethville, yaani Lubumbashi ya leo, mwaka 1947. Hakupita katika shule kubwa ya sanaa. Alichora juu ya kitambaa cha magunia ya unga, akauza picha zake kwa watu wa kawaida, nao wakazitundika katika nyumba zao. Mwaka 1973 alikutana na Johannes Fabian, aliyekuwa akifundisha katika chuo kikuu cha Lubumbashi. Mwaka huo na uliofuata akamchorea picha zipatazo mia moja juu ya historia ya nchi, tangu nyakati za wazee wa kale hadi utawala wa Mobutu, akazieleza kwa Kiswahili cha Katanga. Leo picha hizo zimehifadhiwa katika makumbusho mjini Amsterdam.

Katika picha zake moja iliyopendwa sana yaitwa Colonie Belge, maana yake koloni la Ubelgiji. Ndani yake mfungwa amelazwa kifudifudi, anapigwa kiboko. Mzungu mtawala amesimama akitazama, na bendera ya Ubelgiji iko juu. Lakini mkono unaopiga ni wa nani? Ni wa askari mweusi.

Pengine mtu atasema, hayo ni mambo ya zamani, yana udhia gani? Yafaa tukumbuke kwamba watu waliitundika picha hiyo wakati wa Mobutu, siku ambazo neno moja tu juu ya serikali liliweza kumpeleka mtu gerezani. Mwenye nyumba hakuhitaji kusema kitu. Mgeni aliketi, akainua macho, akaona kiboko katika mkono wa mwana wa nchi, akajiuliza moyoni: Wabelgiji wamekwenda, je, kiboko kimekwenda nao?

Nabii Natani alitumia njia kama hiyo mbele ya mfalme Daudi. Hakuanza kwa kumtaja muuaji. Alimpa hadithi ya maskini na kondoo wake mmoja, na mfalme alipokwisha kukasirika, ndipo alipojulishwa kwamba mtu mwenyewe ni yeye. Hadithi ile ilimwudhi Daudi, na kwa kuudhika huko akatubu.

Lakini iko picha nyingine inayotugusa zaidi sisi wakristo, na zaidi tena sisi wa Kisangani. Tshibumba alichora kifo cha Patrice Lumumba, Maurice Mpolo na Joseph Okito, waliouawa karibu na Elisabethville tarehe 17 Januari 1961. Nyuma ya maiti zao aliweka misalaba mitatu, kama ile ya Kalvari. Naye alieleza waziwazi kwamba kwake yeye Lumumba alikuwa kama Bwana Yesu wa nchi hii.

Je, hii si kufuru?

Sisi hapa hatuwezi kujibu upesi. Lumumba alifanya kazi ya posta katika mji huu, ulipokuwa bado waitwa Stanleyville. Jino lake, ambalo Ubelgiji ililirudisha mwezi wa Juni 2022, lilipitishwa hapa katika jeneza kabla ya kuzikwa Kinshasa. Wengi humpenda kama baba. Lakini mwaka 1964, wakati wa Wasimba, watu wengi waliuawa hadharani mbele ya mnara wa ukumbusho wake uliokuwa katika mji huu. Mwaka huohuo Mwenye Heri Anuarite aliuawa Isiro, na Askofu Wittebols aliuawa Wamba. Ziko jamaa zinazosikia jina la Lumumba na kukumbuka damu ya watu wao.

Mtakatifu Tomas wa Akwino atufundisha kutenganisha makwazo. Liko kwazo la wadogo, ambao imani yao bado changa: hao tuwahurumie, tukaeleze au tukangoje. Liko pia kwazo la Mafarisayo, wanaochukizwa na ukweli kwa sababu wawapinga: kwa ajili ya hao ukweli usiachwe.

Basi twajibu hivi. Kuweka msalaba nyuma ya mtu aliyeuawa bila haki si kufuru. Kristo mwenyewe alijihesabu pamoja na wenye njaa na wafungwa, akasema kwamba watendewayo hao, ametendewa yeye. Bali kumfanya mtu wa siasa kuwa Mwokozi si halali, hata kama aliteswa namna gani. Yule atazamaye picha ile na kusema kwamba lolote litendwalo kwa jina la Lumumba ni takatifu, amepotea, na mauaji ya 1964 yaonyesha wapi njia hiyo yafika. Misalaba ile ikisomwa vema haina upande mmoja. Yamhukumu aliyeua mwaka 1961, yamhukumu na aliyeua mbele ya mnara.

Kutokana na hayo mchoraji ajiulize maswali matatu. Kwanza, nichorayo ni kweli? Pili, namwudhi nani, mwenye kushika kiboko au aliyelala chini? Tatu, ni nani atakayelipa? Tshibumba alitia sahihi jina lake mwenyewe. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 alitoweka, na mwisho wake haujulikani.

Tuchukue mfano wa Vita vya Siku Sita, tarehe 5 hadi 10 Juni 2000, jeshi la Rwanda na jeshi la Uganda yalipopigana ndani ya mji wetu. Kijana akichora makombora yakianguka juu ya nyumba, na kuandika wazi ni majeshi gani, aweza kuwaudhi wakubwa. Naye atenda haki. Lakini akichora mama aliyenajisiwa vitani, sura yake ikajulikana na jirani zake, ili watazamaji washtuke, amemfanya mama yule alipe mara ya pili. Nia yake yaweza kuwa njema, bali tendo lake si jema.

Nasi tutazamao tuna wajibu wetu. Picha ikituchoma, tusikimbilie kuichana wala kumshtaki mchoraji. Tuulize kwanza: imechoma mahali gani? Ikiwa imedharau mnyonge, tumwonye mchoraji kama ndugu. Ikiwa imeonyesha mkono wetu wenyewe umeshika kiboko, basi kabla ya kugusa picha, tukitue kiboko.