Selo ya Ng'ambo

Kijana mmoja wa Ng'ambo, Tabora, alirithi selo ya babu yake, ala mfano wa fidla kubwa ambayo mpigaji huketi na kuibana kwa magoti. Ilikuwa imelala miaka mingi kwenye kasha la mbao, ubavu mmoja umepasuka. Siku moja akamulika tochi ya simu kwenye tundu la kifuani, akaona kikaratasi: Antonius Stradivarius Cremonensis. Akalitafuta jina hilo mtandaoni, akakuta bei za mabilioni. Usiku ule hakupata usingizi.

Mwalimu wa kwaya aliyeitaka kwa laki nane akaambiwa asirudi tena. Mizinga ya nyuki ya babu ikauzwa kupata nauli. Kijana akanunua msasa na vanishi ya samani, akaisugua selo mpaka ikang'aa kama kabati jipya. Kasha likapasuliwa kuni.

Fundi wa Dar es Salaam hakuchukua muda kutambua kuwa kikaratasi kilidanganya. Stradivari, mtengenezaji mashuhuri wa fidla na selo anayetajwa humo, alifariki Cremona, Italia, mwaka 1737, lakini jina lake viwanda vya Ujerumani, hasa vya Markneukirchen, vililibandika ndani ya maelfu kwa maelfu ya ala za bei nafuu. Mjuzi husoma mwili kwanza: umbo, mbao, vanishi ya awali. Hata benki imeponzeka. Dietmar Machold, mfanyabiashara wa Vienna, aliweka rehani kwenye benki ya Bremen fidla alizodai ni za Stradivari. Miviringo ya ukuaji kwenye mbao ikaonyesha mti ulikuwa bado umesimama Stradivari alipokufa. Mwaka 2012 Machold alihukumiwa kifungo cha miaka sita.

“Nani aliileta Tabora?” fundi akauliza. Kijana hakuwa na jibu.

Swali hilo lingepaswa kuwa la kwetu kabla ya kuwa la fundi. Tabora ni mji uliokuwa kwenye njia ya misafara. Kutoka Bagamoyo hadi Ujiji, ni mizigo michache mno iliyotembea bila mpagazi.

Aliporudi, bibi yake akamsikiliza hadi mwisho.

“Mjukuu wangu, mbona hukuniuliza? Ilikuja kwa treni. Babu yako aliipokea stesheni, akaibeba begani hadi misheni. Padri alipoondoka akamwachia. Jina la padri huyo na mji selo ilikotoka vilikuwa vimeandikwa ndani ya kifuniko cha kasha.”

Ndugu msomaji, kama kuna kitu cha kale kwenu, weka msasa chini. Kaa na mzee aliyekipokea, uliza kilipita mikononi mwa nani, uandike leo.